Kona ya Ubao

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya pili,
naandika sentensi moja kona ya juu ya ubao,
kulia, pale ambapo mwalimu wa Hesabu hafuti
kwa sababu mkono wake haufiki.
Sheria zangu ni chache. Dakika kumi.
Kalamu isiinuke.
Asiyejua aandike kwamba hajui.

Jumatatu: "Ni mwaka 1905.
Risasi moja imekataa kutoka kwenye bunduki. Iulize kwa nini."
Salha Nangolo akaandika kwamba risasi ile ilikuwa na mimba.
Sikujua nimpe alama ngapi.
Nikampa chaki nzima, ya rangi ya waridi.

Jumanne: "Reli ya karanga iling'olewa zamani,
lakini treni haijaambiwa.
Usiku huu imesimama Nachingwea. Nani anashuka?"
Wengi waliteremsha Wazungu wenye kofia.
Mmoja aliteremsha karanga zenyewe,
zimenuna, zinadai nauli ya kurudi.

Jumatano tukaruka mbele, mwaka 2240:
"Huko Mwezini korosho ndiyo fedha. Nani anazihesabu?"
Darasa zima likacheka kabla ya kuandika,
kicheko cha watoto wanaoujua mzani na mpimaji wake.
Mfaume alijibu kwa mstari mmoja, akaweka kalamu chini:
"Hata huko, Mwalimu, malipo ya pili bado."

Na nyuma kabisa, karibu na dirisha lisilo na kioo,
Bakiri Likunje.
Muhula mzima aliandika tarehe tu,
akaipigia mstari kwa rula,
kisha akangoja dakika kumi ziishe
kama mtu aliyejibanza barazani mvua ipite.
Hata tarehe yenyewe aliikosea.
4 Machi 1910. 5 Machi 1910.
Nikamsahihisha mwaka kwa wino mwekundu, daftari zima,
na ofisini, mbele ya chai, nikasema: yule hamna kitu.
Nilisema. Sifichi.

Alhamisi: "Mjusi wa Tendaguru ameamka Ulaya,
kwenye ukumbi wa vioo.
Anauliza njia ya kurudi Lindi. Mwelekeze."
Wakamwelekeza. Wakampandisha meli, wakampandisha basi,
kondakta akamtoza viti arobaini,
Salha akamnunulia mihogo Mnazi Mmoja.

Bakiri aliandika ukurasa na nusu.

"Usimuulize mjusi, muulize aliyembeba.
Babu yake bibi yangu alibeba mfupa kichwani
kutoka Tendaguru hadi hapa Lindi, bandarini.
Siku nne. Ngata yake ilikuwa ya majani.
Alidhani ni jiwe, na mwenye jiwe ana wazimu.
Mfupa uliandikwa namba.
Yeye hakuandikwa.
Bibi anasema ilikuwa mwezi wa Machi, mwaka hana hakika.
Kwa hiyo kila siku najaribu tarehe moja, Mwalimu,
nione kama ndiyo siku aliyopita hapa.
Wewe unanirudisha."

Nilirudi nyumbani Mitwero na daftari lile kwapani.
Sikupika. Nilihesabu vijistari vyangu vyekundu
mpaka umeme ukakatika.

Ijumaa nilikuta kona imeshajaa.
Mtu alipanda juu ya dawati; nyayo za vumbi zilikuwepo bado.
"Mwanamume anapita nje ya dirisha, ana mzigo kichwani.
Ni leo. Mwite.
Mwalimu, na wewe. Dakika kumi."

Nikavuta kiti cha mwanafunzi, magoti yakagota mbao.
Wote walikuwa wameinama, hakuna aliyenitazama,
adabu iliyoniuma kuliko kutazamwa.
Nje mama mmoja alipita na ndoo,
pikipiki ikapita na magunia mawili ya mkaa.
Nikaandika: Babu, tua kwanza. Maji yapo.
Nikaandika: Babu,
nikataka kuongeza jina.

Kalamu isiinuke.
Nikaandika kwamba silijui.